Kutoka Tendo hadi Kauli: Lugha ya Masomo ya Vitendo katika Shule za Msingi za Masumbwe na Ukanda wa Dhahabu

1. Utangulizi

Makala haya yanachunguza lugha inayotumika wanafunzi wa shule za msingi wanapojifunza kwa vitendo darasani. Suala la kujifunza kwa vitendo limejadiliwa kwa mapana na wanaelimu, ambao wameuliza kuhusu upungufu wa zana, wingi wa wanafunzi katika chumba kimoja na maandalizi ya walimu. Wanaisimu wa Kiswahili wamelikaribia kwa nadra, ingawa tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 Kiswahili ndicho lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali nchini Tanzania, na kwa hiyo kila jaribio linalofanywa humo hufanywa ndani ya Kiswahili.

Tunadai kwamba tendo halijisemei. Mtoto aliyetikisa beseni la mchanga na kuona vipande vya chuma vikibaki chini amepata tukio. Kanuni bado hajaipata. Kati ya tukio na kanuni kuna daraja, na daraja hilo hujengwa kwa viambishi vya njeo na hali vya kitenzi. Masomo mengi ya vitendo, kwa maoni yetu, huvunjikia hapo darajani, na aghalabu huvunjika kwa nia njema ya kusahihisha Kiswahili cha mtoto.

Sentensi za watoto zilizomo humu ni za kielelezo. Zimetungwa kwa kufuata matumizi ya kawaida ya Kiswahili cha Geita na Shinyanga, na msomaji aliyewahi kufundisha huko bila shaka anazo zake zilizo bora zaidi.

2. Neno "vitendo" na historia yake

Neno hili halikuingia darasani likiwa tupu. Mwalimu Nyerere alipotoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea mwezi Machi 1967, alitaka shule iwe pia mahali pa uzalishaji, na mwanafunzi ajifunze kwa kushiriki kazi na kuamua jinsi ya kuifanya. Katika shule nyingi za vijijini sehemu ya pili ya wazo hilo ilififia upesi. Vitendo vikawa kulima shamba la shule, kuchota maji na kufyatua matofali. Jembe lilibaki na swali likaondoka. Mzazi wa leo anayesikia kwamba mwanawe "anasoma kwa vitendo" huenda akakumbuka jembe hilo, au, akiwaona watoto wakichezea maji na mchanga, akasema shule imegeuka mahali pa michezo. Hatuoni sababu ya kumcheka. Amelielewa neno kwa mujibu wa historia yake.

Katika miaka hiyohiyo ya 1960 kulikuwa na mkondo mwingine, usiokumbukwa sana katika maandiko ya Kiswahili. Mpango ulioitwa African Primary Science Program, ulioendeshwa na Education Development Center ya Massachusetts, Marekani, uliwakutanisha waelimishaji wa nchi kadhaa za Afrika, Tanzania ikiwamo, kuandaa masomo ya sayansi kwa vitu vinavyopatikana palepale mtoto alipo. Kijitabu kimoja kiliwaelekeza watoto kumchunguza yule mdudu achimbaye vishimo mchangani ili kunasa sisimizi. Vingine vilihusu mchanga, mkavu na wenye maji. Eleanor Duckworth alipoutathmini mpango huo nchini Kenya, aliwapa watoto vifaa kisha akatazama wanavifanyia nini. Kilichopewa uzito kilikuwa wingi wa matendo na uchangamano wake. Ni kipimo chenye busara, lakini hakituelezi mtoto alisema nini, wala kwa lugha gani.

Hata Dewey, ambaye jina lake hutajwa kila panapozungumzwa kujifunza kwa kutenda, alitahadharisha katika kitabu chake cha mwaka 1938 kwamba si kila tajiriba huelimisha. Vygotsky, katika kazi iliyotoka mwaka 1934, alitangulia kuonyesha kwamba dhana za kila siku na dhana za kisayansi hukua zikielekeana, na kwamba neno ndilo chombo cha kukutana kwake. Vyuo vyetu vya ualimu vinamtaja Vygotsky katika mihadhara ya saikolojia. Mwanafunzi huyohuyo wa ualimu akiingia katika mhadhara wa sarufi husomeshwa viambishi kana kwamba havihusiani na saikolojia hiyo hata kidogo.

3. Masumbwe: lugha na kazi

Masumbwe ni mji mdogo katika Wilaya ya Mbogwe, kando ya barabara kuu itokayo Kahama kwenda Ushirombo na kuendelea hadi mpaka wa Rwanda. Hadi mwaka 2012 ulikuwa katika Wilaya ya Bukombe, Mkoa wa Shinyanga. Mwaka huo ulianzishwa Mkoa wa Geita, na Mbogwe ikawa wilaya ya mkoa huo mpya. Jina la mji linawakumbusha Wasumbwa, ambao lugha yao Guthrie aliiweka katika kundi F.23, jirani na Kisukuma (F.21) na Kinyamwezi (F.22). Kisukuma kinasikika kila mahali katika eneo hilo, na biashara ya barabarani pamoja na machimbo vimeleta wasemaji wa lugha nyingine nyingi. Kiswahili ndicho kinachowaunganisha, lakini ni Kiswahili chenye sura ya bara, chenye mazoea yake ya matamshi na ya kisarufi.

Watu hulima mpunga, mahindi, pamba na tumbaku, na hufuga. Wengine huchimba. Katika ukanda huu mgodi wa Bulyanhulu ulifunguliwa mwaka 2001, na ule wa Geita mwaka mmoja kabla yake. Lakini mtoto wa Masumbwe anaijua zaidi dhahabu ya wachimbaji wadogo. Anajua duara, karasha linalosaga mawe, na mwalo ambapo mchanga uliosagwa humwagiwa maji juu ya ubao wa mteremko uliotandikwa gunia au zulia. Ripoti ya Human Rights Watch ya mwaka 2013 kuhusu machimbo madogo ya Tanzania, Geita na Kahama yakiwamo, ilionyesha kwamba watoto walikuwa wakifanya kazi humo na kushika zebaki kwa mikono mitupu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumwajiri mtoto katika kazi hatarishi, ikiwamo ya migodini. Mwalimu anajua hivyo, na pia anajua kwamba dawati lililokuwa na watoto watatu Januari huweza kubaki na wawili ifikapo Julai.

Hili linalipa suala letu uzito wake. Mtoto huyo anakuja shuleni akiwa na maarifa makubwa ya utenganishaji wa vitu, maarifa ya mikono, na lugha yenye utajiri wa kuyaeleza. Kitabu kina kitenzi kimoja: kutenganisha michanganyiko. Mtoto, au mama yake, anavyo kupepeta, kupeta, kupembua, kuchekecha, kuchuja, kuchambua na kuchenjua. Kila kimoja kati ya vitenzi hivyo kina nadharia ndani yake. Kupepeta kunadai upepo. Kuchekecha kunategemea tofauti ya ukubwa wa chembe. Kuchuja kunahitaji kimiminika. Kuchambua hufanywa kwa macho na vidole. Mwalimu anayewauliza wanafunzi wake, "Kwa nini mpunga hupepetwa na unga huchekechwa, na si kinyume chake?" amekwisha kufundisha nusu ya mada kabla hajagusa chaki.

4. Sarufi ya jaribio

Tuchukue somo moja la kielelezo kwa Darasa la Tano. Mwalimu amefaragua zana: beseni la plastiki, mchanga mkavu wa barabarani, maji, na chengachenga za chuma kutoka kwa mchomeleaji. Hakuna zebaki wala udongo wa machimboni. Wanafunzi katika vikundi wanachanganya mchanga na chuma, wanatia maji, wanazungusha beseni na kumwaga kidogokidogo. Mchanga unatangulia kutoka; chuma kinabaki.

Katika somo hili vitenzi hupita katika hatua zinazotofautiana kimofolojia. Mwanzo ni amri na dhamira tegemezi: chukua, tieni, mzungushe polepole. Hii ni lugha ya mwalimu na ya kitabu. Baada ya tendo huja masimulizi, na hapa mtoto hutawala: "Tukatia maji, tukazungusha, mchanga ukaenda, chuma kikabaki." Kiambishi -ka- kinapanga matukio kwa mfuatano wa wakati, lakini hakidai kwamba la kwanza limesababisha la pili. Mchanga ukaenda, chuma kikabaki: ndivyo ilivyotokea leo, katika beseni letu. Mtu anaweza kusimulia hivyo jaribio zima bila kuelewa chochote.

Hatua inayofuata ni ya sharti: "Ukizungusha kwa nguvu, na chuma kinatoka." Kiambishi -ki- kinafunga tukio moja kwa jingine. Hapa mtoto ameanza kusema juu ya mabeseni yote, pamoja na yale ambayo hajayashika. Kutoka hapo anaweza kwenda kwa -nge-: "Tungetumia mbao badala ya chuma, ingekuwaje?" Hilo ni jaribio lililofanywa kichwani. Mwisho ni kauli ya jumla, inayobebwa na hu-: "Kitu chenye densiti kubwa hubaki chini."

Tukivipitia vitabu vya kiada vya sayansi kwa jicho la mwanasarufi tunaona jambo la kushangaza. Vimejaa amri, chini ya kichwa cha jaribio au kazi ya kufanya, na vimejaa hu-, chini ya kichwa cha maelezo. Katikati kuna nafasi tupu. Viambishi -ka-, -ki- na -nge-, ambavyo ndivyo mali ya mwanafunzi, haviandikwi kwa sababu kitabu hakiwezi kusimulia jaribio ambalo mtoto hajalifanya. Nafasi hiyo inapaswa kujazwa na mazungumzo ya darasani. Isipojazwa, mwanafunzi huruka kutoka kwenye amri hadi kwenye kanuni ya mtu mwingine, na jaribio lililo katikati huwa pambo.

Mara nyingi haijazwi, na sababu mojawapo ni mtindo wa kuuliza ambao kila aliyesoma katika shule zetu anaujua. Mwalimu huanza neno, hupandisha sauti na kuliacha njiani, darasa hulimalizia. "Mchanga unaondoka, chuma kinaba...?" "...kiii!" "Kwa hiyo chuma kina densiti ku...?" "...bwaaa!" Kisha, "Tumeelewa?" na "Ndiyooo!" Hatulaumu mtindo huu kwa jumla wake: katika chumba chenye watoto wengi kupita kiasi, unawaweka wote macho na kumsitiri mwoga. Lakini tutazame umeiacha wapi kazi ya kisarufi. Kiambishi cha nafsi, kiambishi cha njeo na sehemu ya mzizi vimetamkwa na mwalimu. Mwanafunzi ametamka silabi ya mwisho. Hakuchagua kati ya kikabaki, kikibaki, kingebaki na hubaki. Na uchaguzi huo ndio uliokuwa fikra yenyewe.

5. "Kinabakiaga"

Sasa tufikie pahala ambapo, kwa maoni yetu, Kiswahili sanifu na sayansi hukwaruzana bila sababu. Mtoto wa Masumbwe akijitahidi kutoa kauli ya jumla, yaelekea hatatumia hu-. Atasema: "Mchanga unaendaga na maji, chuma kinabakiaga."

Kiambishi tamati -aga ni cha kale. Meeussen, katika urejeshi wake wa sarufi ya Kibantu wa mwaka 1967, alikiweka katika Mame-Bantu kwa umbo la *-ag-, na kinaendelea kuishi katika lugha nyingi, Kisukuma ikiwamo, kikionyesha mazoea au kurudiarudia kwa tendo. Kutoka humo kimeingia katika Kiswahili cha mazungumzo cha bara, na siku hizi kinasikika hata Dar es Salaam. Kiswahili sanifu, ambacho msingi wake ni Kiunguja, hakina -aga. Kazi hiyo kimeikabidhi hu-.

Mwalimu akisikia "kinabakiaga" hufanya nini? Amefunzwa kwamba hilo ni kosa, na ni kweli kwamba katika insha ya Kiswahili litahesabiwa kosa. Basi hukatiza: "Hatusemi kinabakiaga. Tunasema kinabaki." Mtoto anarudia, "Kinabaki." Darasa linaendelea.

Hasara iliyotokea haionekani kwa urahisi. Mtoto alikuwa amevuka daraja. Kwa -aga alisema kwamba jambo hili halikutokea leo tu: ndivyo lilivyo, kila mara. Alikuwa ametoa kauli ya kisayansi kwa mofolojia aliyonayo. Masahihisho yamempa -na-, njeo ya wakati uliopo, na kumrudisha kwenye beseni lililo mbele yake. Kiswahili kimenyooka na jumla imepotea. Laiti mwalimu angejibu, "Vema. Kwa Kiswahili sanifu wazo hilo husemwa chuma hubaki," angekuwa amehifadhi vyote viwili, tena angekuwa amemfundisha hu- wakati mtoto anapoihitaji, jambo ambalo zoezi la kujaza nafasi haliwezi.

Hatusemi kwamba -aga iingizwe katika usanifu. Huo ni mjadala mwingine, na una mahali pake. Tunasema kwamba mwalimu wa sayansi anapaswa kuitambua kuwa ishara. Inapotokea midomoni mwa watoto wakati wa jaribio, inamwambia kwamba somo limefika.

6. Istilahi na utata wa maneno ya kila siku

Ugumu mwingine unatokana na maneno ambayo mtoto na kitabu wanayatumia kwa maana tofauti. Mfano ulio mzuri kuliko yote ni uzito. Katika Kiswahili cha kila siku jiwe ni zito, na uji pia ni mzito. Uzito wa kwanza hupimwa kwa mizani. Wa pili ni wa umbile la kimiminika, ule ambao istilahi yake ni mnato. Mpe mtoto mafuta ya kula na maji, umuulize kipi kizito. Atajibu bila kusita kwamba mafuta ni mazito, naye amesema Kiswahili fasaha. Kisha mafuta yanamiminwa juu ya maji na yanaelea. Kwa mwalimu asiyeuona utata huu, mtoto amekosea. Kwa mtoto, ulimwengu umekosea.

Mafuta ya kula yana densiti ya karibu gramu 0.92 kwa sentimeta moja ya ujazo, maji gramu 1. Mchanga wa kwati una takriban 2.65, chuma 7.9, na dhahabu 19.3. Mtoto wa mwalo hahitaji kuzikariri namba hizi ili aamini kwamba dhahabu hubaki juu ya zulia mchanga ukienda zake. Anachohitaji ni kuona kwamba neno lake uzito lina vyumba viwili, na kwamba hata chumba cha kwanza kinapaswa kugawanywa: gunia la pamba ni zito kuliko msumari, lakini msumari huzama. Hapo ndipo densiti inapokuwa na kazi. Ikitangulia, kama desturi ilivyo, ikiandikwa kwa herufi kubwa ubaoni pamoja na maana yake, ni sauti tu. Ikija baada ya mabishano juu ya mafuta na maji, inakuja kuamua ugomvi.

Kuyeyuka nako ni hivyohivyo: barafu huyeyuka na sukari huyeyuka, ingawa la kwanza linahitaji joto na la pili linahitaji kimiminika. Wanaistilahi walipounda mmumunyo na kimumunyishi walifanya jambo la werevu kuliko wanavyosifiwa, kwani walianzia kwenye kumumunya, kitendo cha mtoto mwenye peremende mdomoni. Inasikitisha kwamba maneno haya hufundishwa bila peremende. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyotolewa na TUKI mwaka 1990 ilikuwa hatua kubwa kwa taaluma. Lakini kamusi hutoa neno, haitoi tukio ambalo neno hilo lilingojewa. Joto na jotoridi, nguvu na kani, ni jozi nyingine za kuchunguzwa kwa namna hii, na tunawaachia wenzetu.

7. Pale ambapo mkono haupaswi kufika

Kuna somo moja ambalo shule ya Masumbwe haina budi kulifundisha na ambalo haiwezi kulifundisha kwa vitendo. Wachimbaji huchanganya zebaki na mchanga uliochenjuliwa ili ishikamane na dhahabu, kisha huichoma tonge hiyo, mara nyingi kwenye moto wa wazi karibu na makazi. Zebaki hugeuka mvuke usioonekana, na mvuke huo ukivutwa hudhuru mfumo wa fahamu. Watoto ndio walio katika hatari kubwa zaidi. Mkataba wa Minamata, uliopitishwa mwaka 2013, unazitaka nchi zipunguze matumizi haya na, inapowezekana, ziyakomeshe. Mtoto, hata hivyo, anaona tu kwamba kitu cheupe kimekwisha na cha manjano kimebaki. Kwake zebaki "inaisha."

Kitenzi hicho ndicho adui. Kuisha hakuna mahali. Kilichokwisha hakikuenda kokote. Mwalimu anaweza kuanza na sufuria ya maji, moto na kifuniko. Maji yanachemka, yanapungua. Yamekwisha? Kifuniko kinainuliwa, matone yanaonekana. Wanafunzi wanasimulia kwa -ka-, wanafunga sharti kwa -ki-, wanafika kwenye hu- au -aga, vyovyote itakavyokuwa: maji yakipashwa moto hugeuka mvuke, hayaishi. Kisha mwalimu anauliza: "Ingekuwa zebaki, na hakuna kifuniko, ingekwenda wapi?" Hapa -nge- inafanya jaribio ambalo hakuna mtu anayepaswa kulifanya. Ingepanda hewani. Nani angekuwa karibu? Angevuta nini?

Katika masomo ya Kiswahili -nge- hufundishwa kwa sentensi kama "Ningekuwa na fedha ningenunua gari", na wanafunzi huhitajika kukumbuka kwamba -nge- na -ngali- hazichanganywi katika sentensi moja. Mwalimu wa Sayansi na mwalimu wa Kiswahili, katika shule nyingi za msingi, ni mtu mmoja, na vipindi viwili vinaweza kufuatana. Zoezi la -nge- linaweza kuandikwa ubaoni sufuria ikiwa bado na moto.